Mbwa wa Rafiki Yako Ameumia Vibaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaotaka Kusaidia

Mtu akifiwa, kila jirani anajua pa kushika: huyu anakopesha masufuria, yule anashika daftari la michango, wengine wanatandika majamvi. Mbwa wa nyumba akigongwa na gari hakuna desturi ya namna hiyo, na hata wenye huruma husimama getini, wakauliza "Ameumia sana?", kisha wakaendelea na safari zao. Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa ajili ya rafiki au jirani anayesaidia, si kwa mwenye mbwa, na hayachukui nafasi ya daktari wa mifugo.

## Saa ya kwanza

Nimepigiwa simu kwamba mbwa wao amegongwa. Nianze na nini?

Uliza mambo mawili tu: mbwa yuko wapi sasa hivi, na je, wana usafiri? Mengine yote yanaweza kusubiri, hasa swali la nani aliacha geti wazi.

Baada ya hapo chukua kazi ya simu. Walio pale wana damu mikononi na akili zimetawanyika, kwa hiyo wewe uliye mbali kidogo ndiye unayefaa kumtafuta daktari wa mifugo na kumuuliza kama yupo, kama anaweza kufanya upasuaji, na kama pana mashine ya eksirei karibu. Swali la kwanza si la kupuuza. Katika miji yetu mingi daktari ni mmoja, na mchana huweza kuwa ameshika njia kwenda kuzalisha ng'ombe kijiji cha pili. Ni afadhali kujua hilo kabla ya kufika mlangoni na mgonjwa mkononi.

Ikiwa mbwa bado amelala barabarani na umefika, kazi yako ya kwanza ni magari. Weka matawi ya miti hatua kadhaa kabla ya eneo lenyewe, kila upande, kama madereva wetu wafanyavyo gari likiharibika, ndipo usogee kwa mgonjwa.

Mbwa huyu ananijua tangu mdogo. Anaweza kuniuma?

Ndiyo. Mbwa mwenye maumivu makali humuuma hata aliyemlea, na hilo si ubaya wala usahaulifu. Kunja kanga kwa urefu iwe kama mkanda, zungusha mdomo wake mara moja au mbili, pitisha ncha chini ya kidevu, kisha zifunge nyuma ya masikio. Usimfunge mdomo ikiwa anatapika, anatokwa damu puani au mdomoni, anahema kwa shida, au ni wa jamii ya pua fupi. Hapo mfunike kichwa kwa kitambaa chepesi na uweke mikono yako mbali na meno. Ukiumwa, soma jibu la kwanza katika sehemu ya mwisho kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Tumbebe vipi bila kumuumiza zaidi?

Mchukulie kila aliyegongwa kuwa huenda ameumia uti wa mgongo, na usimnyanyue kwa miguu ya mbele kama mtoto mchanga. Mbwa wetu Chui alipogongwa, jirani ambaye ni fundi seremala hakuuliza chochote. Aliingia uani, akang'oa mlango wa banda la kuku, akaja nao begani huku misumari bado inaning'inia kwenye bawaba. Tulimteleza Chui juu ya ubao ule tukiwa wawili, mmoja mabegani na mmoja nyonga, tukamfunga kwa vipande viwili vya kitenge, kimoja kikipita mabegani na kingine nyonga, bila kukaza tumbo wala kifua. Kuku walilala jikoni siku tatu. Katika misaada yote tuliyopewa wiki ile, huo ndio ninaoukumbuka kwanza.

Mbwa mdogo anatosha katika beseni pana lililotandikwa taulo. Bodaboda haifai. Bajaji inafaa kwa mbwa wa wastani na kirikuu kwa mkubwa, ila dereva akisita, usibishane naye: tandika turubai au mfuko mpana wa plastiki na umwongezee fedha ya kuosha chombo chake.

Anatokwa damu nyingi. Tuweke nini kwenye jeraha?

Kitambaa safi na mkono wako. Bana kwa nguvu dakika tano kamili bila kufunua kuchungulia, na kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake badala ya kukiondoa, kwa sababu ukikiondoa unabandua damu iliyokwisha kuganda. Majivu, unga wa kahawa, mafuta ya breki na dawa nyingine za uani huongeza uchafu ambao daktari atalazimika kuuosha kabla ya kushona.

Daktari ameuliza "fizi zake zikoje?" Anataka kujua nini?

Anataka kujua kama damu inazunguka. Inua mdomo wa juu upande mmoja, ikiwa ni salama kufanya hivyo. Fizi za mbwa mzima ni za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole hugeuka nyeupe kisha rangi hurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Fizi nyeupe au za kijivu, au rangi inayochelewa kurudi, ni ishara ya mshtuko au ya kupoteza damu, pengine ndani kwa ndani. Mbwa wengine wana fizi nyeusi kwa asili. Kwao vuta chini kope la jicho na utazame upande wake wa ndani. Hesabu pia pumzi. Mbwa aliyetulia hupumua takriban mara 10 hadi 30 kwa dakika, nawe ukimpa daktari tarakimu badala ya kusema "anahema sana", umemsaidia kupanga meza yake kabla hamjafika.

Nyumbani nina dawa za maumivu. Nimpe japo nusu kidonge?

Hapana. Ibuprofeni na diklofenaki za binadamu huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, na parasetamoli huweza kudhuru ini lake. Zaidi ya hayo, kidonge ulichompa kwa huruma huweza kumzuia daktari kutumia dawa sahihi siku hiyohiyo. Usimpe pia chakula wala maziwa, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji.

Amesimama mwenyewe na anatikisa mkia. Je, bado kuna haja ya daktari?

Ipo, na hapa ndipo rafiki anatakiwa kuwa king'ang'anizi. Mapafu yaliyochubuka, kibofu kilichopasuka na damu inayovuja tumboni huweza kutoonekana saa za mwanzo. Familia itapenda kuamini mkia. Wewe uliza kama amekojoa na mkojo una rangi gani, na usiondoke mpaka mtu mmoja ametajwa kwa jina kuwa ndiye atakayemwangalia usiku.

## Fedha

Ni ustaarabu kuchangisha fedha kwa ajili ya mbwa?

Ni ustaarabu, mradi mwenye mbwa ameridhia. Watu wengi huona aibu kupokea mchango wa mnyama katika mtaa ambao wapo wazazi wanaohangaikia ada za shule, na aibu hiyo ina haki yake. Uliza kwanza: "Naomba niwaambie watu sita ninaowajua, basi." Orodha fupi ya watu wanaoipenda familia hiyo haileti maneno kama tangazo linalozunguka kwenye kila kikundi cha WhatsApp cha mtaa.

Zipo sababu za kiusalama pia. Mbwa wengi wa kwetu ndio walinzi wa nyumba, na kutangaza kila mahali kwamba mlinzi amelazwa ni kuwaambia hata wale ambao hamkuwakusudia kwamba ua ule hauna mtu wa kubweka.

Nani ashike fedha?

Mtu mmoja ambaye si mwenye mbwa na wala si daktari, awe na daftari. Kila jina na kiasi viandikwe, malipo yapelekwe moja kwa moja kliniki, na risiti zipigwe picha. Kabla shilingi ya kwanza haijaingia, kubalianeni juu ya mambo mawili: kiwango cha juu cha kuchangisha, na kitakachofanyika kwa salio mbwa akipona mapema au akifa. Wengine hurudisha salio, wengine hulitumia kuwachanjia mbwa wa majirani dhidi ya kichaa. Njia zote mbili ni njema zikisemwa mapema, na zote mbili huleta ugomvi zikibuniwa baadaye.

Sina fedha kabisa. Nina la kutoa?

Unalo, na mara nyingi ndilo linalokosekana. Soma sehemu ya uuguzi hapa chini, hasa jibu kuhusu zamu.

## Maneno

Nimwambie nini rafiki yangu?

"Pole sana" inatosha, ikifuatwa na jina la mbwa. Kulitaja jina kunaonyesha kwamba unajua aliyeumia ni nani. Baada ya hapo taja kazi na saa: "Nakuja saa kumi na mbili jioni, nitakaa naye mpaka saa mbili ili uoge na ule." Kauli ya "ukihitaji chochote niambie" inasemwa kwa moyo mwema, lakini inamwachia mtu aliyechoka kazi ya kukutafutia kazi.

Yapo maneno ya kuepuka?

Yapo matatu yanayojirudia. La kwanza ni "ni mbwa tu". La pili ni "utapata mwingine", ambalo hata likiwa kweli linafika kabla ya wakati wake. La tatu ni hadithi ya mbwa wa binamu yako aliyeumia vivyo hivyo akafa siku ya pili.

Mtu mwingine akisema "mbwa tu" mbele ya rafiki yako, huna haja ya kuhutubia juu ya haki za wanyama. Sema kwamba mbwa huyo amelala mlangoni mwao miaka minane, kisha ubadilishe mazungumzo.

Watoto wa nyumba hiyo waambiwe nini?

Wazazi ndio wasemaji, nawe ufuate maneno yao. Wakikuomba ushauri, washauri waseme ukweli kwa maneno machache: Chui ameumia, daktari anamtibu, hatujui bado kama atapona. Kumwambia mtoto mdogo kwamba mbwa aliyekufa "amelala" huweza kumtia hofu ya kulala yeye mwenyewe, na hadithi ya kwamba "ametoroka" humfanya amngojee getini. Mpe mtoto kazi ndogo ya kweli. Binti yetu alipewa kazi ya kubadilisha maji ya kunywa asubuhi na jioni, na alikuwa akiosha bakuli lile kwa sabuni mara tatu, akilinusa kila mara, kabla ya kulijaza.

## Uuguzi wa nyumbani

Mbwa amerudi kutoka kliniki. Je, kazi imekwisha?

Ndiyo kwanza inaanza, na ndipo marafiki wengi wanapotoweka. Mfupa uliovunjika mguuni huchukua wiki kadhaa kuunga, mara nyingi kati ya sita na kumi na mbili kwa mbwa mzima, na muda mwingi katika huo mbwa hatakiwi kukimbia, kuruka wala kupanda ngazi. Kumzuia mbwa aliyeanza kujisikia nafuu ni kazi ngumu kuliko kumbeba aliyezimia.

Tugawane vipi zamu?

Anzeni na daftari moja linalokaa karibu na mgonjwa, liandikwe dawa, kiasi, saa na jina la aliyempa. Bila daftari, watu wawili wenye upendo watampa dozi mbili. Kisha gaweni kazi kwa majina: mmoja wa usiku, mmoja wa kumpeleka kubadilishiwa bandeji, mmoja wa kufua matandiko. Kufua kunadharauliwa, lakini mbwa asiyeweza kusimama huchafua matandiko mara kadhaa kwa siku, na ngozi inayobaki na unyevu huota vidonda. Anatakiwa pia kugeuzwa ubavu kila baada ya saa chache, usiku na mchana.

Jambo moja zaidi halikumbukwi sana: nyumba imekosa mlinzi. Jirani anayeacha taa ya nje ikiwaka upande ule, au anayemwomba mlinzi wa mtaa apite pale mara mbili zaidi, amewapa watu wale usingizi.

Wapo mbwa wengine nyumbani. Kuna tatizo?

Linaweza kuwapo. Mgonjwa anarudi na harufu ya dawa na mwendo usiofahamika, na wenzake huweza kumvamia. Jitolee kumchukua mmoja wao kwako kwa siku chache, au usaidie kuzungushia waya kona ya ua.

Anatembea kwa miguu mitatu. Nimhurumie?

Si lazima. Mbwa waliokatwa mguu mmoja kwa kawaida huzoea upesi kuliko watu wanavyotarajia, wengi wakitembea ndani ya siku chache. Wageni wanaomtazama na kutikisa vichwa ndio humchosha mwenye mbwa.

## Uamuzi mgumu

Daktari amependekeza apumzishwe, yaani auawe kwa sindano ili asiteseke. Nishauri nini?

Usiamue wewe. Kaa naye anapoongea na daktari, na umsaidie kuuliza maswali ambayo koo lake litashindwa kuyatoa: maumivu yanaweza kuzuilika? Atakula, atakojoa na atasimama mwenyewe? Matibabu yatagharimu kiasi gani, na kuna sehemu nyingine ya kupata maoni ya pili? Kwa Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro hufundisha udaktari wa mifugo na kutibu wanyama, na kwa Kenya kazi hiyo hufanywa na Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Hata hivyo, Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 190, na safari hiyo yenyewe ni mateso kwa mwenye mgongo uliovunjika. Swali la maoni ya pili lipimwe pamoja na barabara.

Fedha ikiwa ndiyo sababu ya uamuzi, mwache aseme hivyo bila aibu. Mtu aliyeshindwa kulipia upasuaji hakumpenda mbwa wake kidogo.

Nimeombwa niwepo wakati wa sindano. Nitaona nini?

Daktari hutoa dawa ya usingizi kwa kiwango kikubwa kwenye mshipa, na kwa kawaida mbwa hupoteza fahamu haraka, kabla moyo haujasimama. Baada ya hapo macho hubaki wazi, misuli huweza kutetemeka, pengine akavuta pumzi moja au mbili nzito, na mkojo ukatoka. Hizo si dalili za kuteseka. Mweleze rafiki yako mapema, polepole, ili asije akadhani mbwa ameamka.

Azikwe wapi?

Penye kina cha angalau mita moja, mbali na kisima na njia ya maji. Kina hicho ni cha lazima hasa kwa aliyepewa sindano, kwa kuwa dawa hubaki mwilini na humdhuru mnyama atakayefukua mzoga. Kwa wapangaji, mwombeni mwenye nyumba kabla jembe halijainuliwa. Kuchimba ni kazi ya rafiki, na si haki kumwachia mwenye mbwa achimbe peke yake.

## Hali zisizo za kawaida

Ameniuma nilipokuwa nambeba, lakini ana chanjo. Nifanye nini?

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo na useme wazi kwamba umeumwa na mbwa. Kadi ya chanjo ichukuliwe ikaonyeshwe, lakini uamuzi wa sindano za kichaa cha mbwa ni wa mtoa huduma ya afya, si wako wala wa mwenye mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, na chanjo iliyotolewa mapema huuzuia. Mbwa aliyeuma hutakiwa kuangaliwa kwa siku 10. Akifa au akipumzishwa kabla ya siku hizo kwisha, mjulisheni daktari na afisa mifugo kabla ya kuzika, kwa kuwa ubongo wake unaweza kupimwa.

Tahadhari hiyohiyo inahusu mbwa aliyejeruhiwa na mbwa asiyejulikana: mate ya yule mwingine yangali kwenye majeraha, hivyo vaeni glavu.

Mimi ni Mwislamu na sitaki kushika mate ya mbwa. Naweza kusaidia?

Unaweza, na rafiki anayekuheshimu hatakulazimisha. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, mguso wa mate au unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, ilhali mguso wa pakavu kwa pakavu hauna hukumu hiyo. Basi endesha gari, piga simu, shika daftari la fedha, au vaa glavu. Kumhurumia mnyama hakupingani na dini: hadithi ya mtu aliyemtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake inajulikana hata na watoto wa chuoni.

Ni mimi niliyemgonga, au niliyeacha geti wazi.

Sema mwenyewe, siku hiyohiyo, kabla jirani hajakusemea. "Mimi ndiye niliyeacha geti wazi" ni sentensi fupi, na isifuatwe na "lakini". Lipa unachoweza, pokea hasira itakayokuja, na uendelee kufika kwa zamu uliyojipangia hata kama hutakaribishwa chai.

Mwenye mbwa yuko Muscat au London, na mbwa yuko kwa wazazi wake Tanga.

Aliye mbali huteswa na kimya kuliko na habari mbaya. Panga nyakati mbili za taarifa kwa siku na uzitimize hata kama jambo jipya ni kwamba hakuna jipya. Muulize kama anataka picha kabla ya kutuma, kwa sababu picha ya jeraha ikishafunguliwa haifutiki kichwani. Idhini ya upasuaji, au ya kumpumzisha, itoke kwake kwa ujumbe wa sauti au wa maandishi unaoweza kuhifadhiwa, ili wazazi wasije wakabebeshwa lawama.

Mbwa wangu anaweza kumtolea damu?

Inawezekana, ikiwa kliniki ina vifaa. Anayefaa kwa kawaida ni mbwa mkubwa wa kilo 25 au zaidi, mtu mzima asiye mzee, mwenye afya, aliyechanjwa na aliye mtulivu. Mbwa wana makundi ya damu kama sisi, na ingawa mara ya kwanza mgonjwa huvumilia damu ya kundi tofauti mara nyingi, daktari hupendelea kupima ikiwa muda upo. Kwa maeneo yetu pima pia magonjwa ya kupe, kwani damu hubeba vijidudu hivyo.

Nimesaidia wiki tatu na nimechoka. Naweza kuacha?

Unaweza, ila usitoweke. Mwambie rafiki yako siku mbili kabla, tafuta mtu wa kushika zamu yako, mkae naye mara moja mbele ya mgonjwa ili mbwa amzoee harufu, kisha umkabidhi daftari na umwonyeshe dozi ya jioni ni ipi.